Mwenye Sauti

Siku Sijaona aliposikia redioni kwamba sauti yake ni ya mwanamke mwingine, alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwake, mtaa wa Jabe, Bujumbura, ungo mapajani, akichambua maharagwe. Mumewe Shaabani alikuwa kizingitini na redio yake. Shaabani alikuwa fundi wa magari, lakini huu ulikuwa mwezi wa pili esansi ya magari haipatikani mjini, na gari lisilotembea haliharibiki. Kwa hiyo alishinda nyumbani, akisikiliza kila kipindi na kugombana nacho.

"Maneno yote nilisema mwenyewe," alikuwa akieleza mwanamke wa redioni, Kifaransa kingi na Kiswahili kidogo cha kuokoteza. "Kiswahili kilinitesa, jamani! Nililala na makaratasi chini ya mto mpaka kikakubali."

Mtangazaji akacheka naye, kisha akatangaza. Ile filamu ya zamani, *Mawese ya Mjane*, iliyotolewa katika michezo mitatu ya jukwaani iliyopendwa sana Bujumbura, imesafishwa Ulaya na imerudi. Itaonyeshwa siku tatu tu, Ijumaa mpaka Jumapili, saa kumi alasiri, katika ukumbi mmoja wa Rohero. Jumatatu nakala inafungwa kurudishwa ilikotoka. Mgeni wa heshima ndiye huyo huyo aliyekuwa akihojiwa, Bi Léoncie, mjane wa kwenye filamu, aliyefunga safari kutoka Ubelgiji.

"Mwongo," alisema Sijaona.

Hakuna aliyemsikia. Tangu alipopasuliwa rovu shingoni miaka sita nyuma, sauti yake ilikuwa pumzi tupu, kama ya mtu anayepuliza makaa. Daktari alimwonya kabla kwamba huenda ikawa hivyo, na ikawa.

"Umesikia?" Shaabani alipiga kelele. "Umesikia ule mwanamuke?"

"Nimesikia."

"Anasema ati maneno ni yake!"

"Shaabani, nimesikia."

"Apana, hukusikia! Ungesikia usingekaa hapo na maharagwe!"

Sijaona alifumba macho. Kulikuwa na watu wa namna mbili maishani mwake siku hizi: waliompigia kelele wakidhani ni kiziwi, na waliomnong'oneza wakidhani ni mgonjwa. Shaabani alikuwa wa namna ya tatu, aliyemsemea. Sokoni alimtajia bei, hospitalini alieleza maumivu yasiyokuwa yake, na wageni wakimsalimu mke, mume ndiye aliyejibu kwamba kaamka salama.

Binti yao Lubna alitoka ndani na simu mkononi. Alikuwa na miaka thelathini, aliuza vitambaa sokoni, na ndiye siku hizo aliyelisha nyumba.

"Ni nini tena?"

Shaabani akamweleza, ingawa Lubna aliijua hadithi tangu tumboni. Katika ile michezo mitatu, mjane alikuwa Sijaona. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na watu wa Jabe na Buyenzi walikuja na viti vyao wenyewe kumtazama akimjibu hakimu. Filamu ilipokuja, waliotoa fedha walitaka uso mwingine. Wakampata Léoncie, binti wa mkubwa wa wizara, mrefu, mwenye macho ya kupendwa na kamera, na Kiswahili cha kumwagiza mpishi. Basi picha zilipokwisha kuchukuliwa wakamwita Sijaona, wakamfungia siku nne katika chumba kilichopigiliwa magodoro ukutani, akasema kila neno upya huku akitazama midomo ya mwenzake. Wakampa vitenge viwili na asante. Wakati ule kila mtu mtaani alijua. Sasa waliojua wengine walikuwa makaburini, wengine ng'ambo, na wengine walikuwa na mambo yao.

"Naweka kwenye WhatsApp," alisema Lubna.

"Usiweke," Sijaona alisema.

"Mama anasema uweke," alisema Shaabani.

*

Kesho yake Shaabani alimpeleka mkewe Rohero kudai mialiko. Walikwenda kwa miguu, maana basi lililopita lilikuwa limeelemewa na watu mpaka mlangoni. Ofisi ya waandalizi ilikuwa ghorofa ya pili. Kijana aliyewapokea aliitwa Arnaud, shati jeupe, adabu nyingi.

"Bonjour, Mama. Karibuni. Mkae."

"Huyu," alisema Shaabani kabla hajakaa, "ndiye filamu yenyewe. Sauti yote ni yake. Hata maneno mengine aliyatunga yeye."

"Sikutunga," alisema Sijaona.

"Anasema alitunga mengi."

Arnaud alifungua kompyuta, akapitisha kidole kwenye orodha ya majina, juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu, kwa upole wa mtu ambaye tayari anajua. Kulikuwa na jina la aliyeshona nguo. Kulikuwa na jina la aliyeazimisha mbuzi.

"Mama hayumo," alisema. "Na sisi tuna mialiko ya wanaoonekana tu. Wachezaji. Mama anaonekana?"

"Anasikika!" alisema Shaabani.

Arnaud akamgeukia Sijaona, akainua sauti mpaka mtu wa meza ya jirani akatazama. "MAMA! UNAWEZA KUTUAMBIA YALE MANENO KIDOGO? YA HAKIMU! TUSIKIE!"

Sijaona alimtazama. Angeweza kuondoka. Lakini kulikuwa na siku nne za chumba cha magodoro, kulikuwa na miaka aliyotembea Jabe watoto wakimwita Mjane, na kabla hajajizuia alikuwa amevuta pumzi.

"Hakimu," alisema, "mafuta yangu yana uzito wake. Neno lako lina uzito gani?"

Ulikuwa upepo tu. Feni ya ukutani ilikuwa na sauti kubwa kuliko yeye. Arnaud aliinamisha kichwa, akangoja, kisha akaelewa kwamba amekwisha kumaliza. Huruma iliyomjia usoni ilimchoma Sijaona kuliko kama angecheka.

"Bon," alisema kijana, safari hii akinong'ona. "Naona hali. Nafasi moja ninaweza kuwapa, ya bure. Tumeacha viti vichache vya wagonjwa."

"Mi si mgonjwa."

"Anashukuru," alisema Shaabani.

Sijaona aliinuka, akashuka ngazi peke yake. Walipofika barabara ya Jabe alikuwa hajasema neno, na Shaabani, ambaye angeweza kuvumilia matusi lakini si kimya, akaanza kujitetea mwenyewe bila kushitakiwa.

"Mi nilifanya nini? Nilikuwa nakusaidia!"

"Nilisema sikutunga."

"Wewe! Ukiwaambia watu ukweli mutupu wanakupa nusu. Ukiongeza kidogo, wakikata, inabaki sawa."

"Walikata yote," alisema Sijaona, na mumewe akaomba arudie, kwa sababu pikipiki ilikuwa inapita.

*

Jioni ile Lubna alirudi kutoka sokoni amefura. Ujumbe wake ulikuwa umefika kila mahali. Mmoja alikuwa ameandika kwamba kama mama yake Lubna ndiye sauti ya filamu, basi yeye bibi yake ndiye injini ya ndege ya kwanza kutua Bujumbura. Mwanamke wa meza ya jirani sokoni alikuwa amemuuliza, mbele ya wateja, mama yake anadai faranga ngapi kwa huyo mzungu mweusi wa Ubelgiji.

"Nilikuambia usiweke," alisema Sijaona.

"Baba alisema umesema niweke!"

"Baba yako ana mdomo wake. Mi nina wangu."

Lubna akaketi chini, akavua viatu, akaitazama shingo ya mama yake, ule mstari wa kovu uliofichwa na mtandio. Kisha akaenda kuchota maji.

Ijumaa umeme ulikatika filamu ikiwa na dakika ishirini. Ukumbi ulikuwa na jenereta, jenereta haikuwa na esansi, na watu waliambiwa warudi Jumamosi na tiketi zao. Jumamosi wa Ijumaa na wa Jumamosi walikutana mlangoni wakagombania viti. Ikabaki Jumapili. Lubna alinunua tiketi tatu kwa fedha yake, faranga elfu kumi na tano kila moja, akaziweka juu ya meza.

"Uzirudishe," alisema Sijaona.

"Hazirudishwi."

"Basi nendeni wawili. Mi siendi kusikiliza nilichopoteza."

Jumapili asubuhi alikuja jirani yao Bi Zubeda, mwanamke wa miaka sabini aliyewahi kubeba kigoda chake mwenyewe kwenda kuona ile michezo ya jukwaani. Alikuwa amekwenda Jumamosi, mjukuu kamlipia. Hata kahawa hakungoja.

"Nilikusikia," alisema. "Nilifumba macho, mwanangu, nikakusikia mule ndani, unamtoa hakimu jasho kama zamani. Nikasema alhamdulillahi, huyu hakupotea. Halafu taa zikawaka. Akasimama yule mrefu, kavaa hariri, watu wakapiga makofi, akasema: 'Asanteni kwa kuipenda sauti yangu.'"

"Alisema hivyo?"

"Mbele ya watu wote. Na sisi tuliokaa nyuma tukanyamaza kama kuku. Mi nilinyamaza pia. Ndiyo nimekuja kukuambia, maana sikulala."

Sijaona alimaliza kahawa yake. Kisha akaingia chumbani, akatoa gauni la Idi, akalivaa kwa hasira mpaka kifungo kimoja kikakatika.

"Hakuna atakayenisemea leo," alimwambia Shaabani kutoka mlangoni. "Sikia vizuri. Hakuna."

"Mi sisemi kitu," alisema Shaabani.

*

Walikaa safu ya katikati, Lubna upande mmoja, Shaabani upande wa pili. Taa zikazimwa. Kwenye kitambaa likatokea soko la zamani, lile lililokuja kuungua, na watu wakaguna kwa kuliona tena. Katikati ya soko akatembea Léoncie, kijana, na debe la mawese kichwani. Akafungua mdomo.

Sijaona alikuwa amejiandaa kulia. Badala yake aliudhika. Yule msichana mwenye sauti, yeye mwenyewe wa miaka kumi na tisa, alikuwa na haraka ya nini? Alimeza mwisho wa sentensi. Alipiga kelele mahali pa kushusha sauti, na palipotaka hasira alitia madaha. Kila mtu mtaani alikuwa akimsifu na yeye alikuwa anajua anasifiwa, ilisikika. Mara tatu Sijaona alitikisa kichwa gizani. Hapo ungengoja, alifikiri. Hapo ungevuta pumzi kwanza, mtoto we.

Lakini mjane alipofika mbele ya hakimu, yule msichana akasahau kujisikiliza. Hakimu alikuwa amemwambia mizani yake ni ya wizi, debe lake lichukuliwe. Kisha ikaja ile sauti, chini, nzito, bila haraka yoyote: "Hakimu, mafuta yangu yana uzito wake. Neno lako lina uzito gani?" Watu wazima wakapiga makofi gizani. Lubna alimshika mama yake mkono. Alikuwa amezaliwa ndani ya sauti ile, akaimbiwa nayo, akachapwa nayo, na miaka sita hakuwa ameisikia. Shaabani alikuwa analia wazi wazi, akipenga kamasi kwenye leso kama tarumbeta.

"Nyamaza, tusikie," alisema mtu wa nyuma.

Filamu ilipokwisha taa ziliwaka, na Arnaud akapanda jukwaani na kipaza sauti. Alimkaribisha Bi Léoncie. Alikuwa bado mrefu. Hariri ya siku hiyo ilikuwa ya kijani, na alipopanda ngazi mbili za pembeni alishika ukuta, kama mtu ambaye magoti yake yana umri wake. Arnaud akauliza nani ana swali.

Mzee mmoja wa safu ya mbele alinyanyuka na fimbo. "Swali sina," alisema. "Nina ombi. Nimetoka Kinama kwa miguu. Madamu atusemee lile neno la hakimu, hapa, tulisikie mubashara. Nikafe nalo."

Watu wakashangilia. Léoncie alitabasamu, akakataa kwa mkono, wakazidi kushangilia. Akachukua kipaza sauti.

"Hakimu," alisema. "Mafuta yangu... iko na uzito. Neno yako..."

Akaishia hapo. Ilikuwa sauti nyembamba, ya puani, ya mama mstaarabu anayeagiza chai. Kijana mmoja alicheka, akanyamazishwa. Mzee wa fimbo hakukaa. Alibaki amesimama, mdomo wazi, kama mtu aliyekabidhiwa chenji pungufu na anaona haya kuihesabu. Léoncie akagusa shingo yake.

"Koo," alisema. "Safari. Hewa ya ndege."

Hapo Shaabani akasimama. "Mwenye koo yuko hapa!" alinguruma. "Huyu hapa! Mke wangu! Sauti ni yake, na—"

Vichwa mia tatu viligeuka. Sijaona alitamani sakafu ifunguke, impokee mume wake kwanza. Arnaud alikuja mbio na kipaza sauti cha pili, akampa Shaabani. Shaabani akakipokea, akavuta pumzi ya hotuba, na Sijaona akakichomoa mkononi mwake.

"Kaa chini," alisema.

Neno lile lilitoka kwenye spika zote nne za ukumbi. Lilikuwa pumzi ile ile, yenye mikwaruzo, lakini lilifika mpaka ukuta wa nyuma. Shaabani akakaa. Watu wakacheka. Sijaona alikitazama kile chuma mkononi, akakisogeza karibu zaidi na mdomo.

"Naitwa Sijaona, binti Uthmani. Nakaa Jabe. Sauti muliyosikia ni yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Mama anasema—" alianza Arnaud, akiwageukia watu.

"Mutoto wangu," alisema Sijaona, "wamesikia."

Safu za nyuma zikapiga makofi. Alingoja yaishe.

"Kuthibitisha siwezi. Nilipasuliwa hapa, sauti ikaenda. Sitaki pesa. Uso ule ni wa Madamu Léoncie, alicheza vizuri, machozi yake ni yake. Mi sikuweka chozi hata moja. Lakini maneno nilisema mi. Na wewe mzee uliyetoka Kinama, usikasirike. Na mi leo siwezi kukusemea. Ungekuja zamani."

Mzee akainamisha kichwa, akakaa.

Bi Zubeda hakuwemo ukumbini, lakini walikuwemo wengine wa umri wake, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kusema kutoka kwenye viti vyao: ni kweli, ni yeye, mi nilimwona jukwaani, huyu ndiye Mjane wa Jabe. Wote walikuwa wamejua. Sijaona aliwasikiliza, na uchungu ukampanda upya, kwa sababu walikuwa wamejua Ijumaa na Jumamosi vile vile.

Léoncie hakuondoka jukwaani. Aliinua kipaza sauti chake.

"Ni kweli," alisema. Akaongeza kwa Kifaransa, polepole, kwamba mara ya kwanza waliposifu sauti yake alicheka tu, mara ya pili alikaa kimya, na baada ya hapo hakujua tena aanzie wapi kukataa.

"Ungeanzia redioni," alisema Sijaona, bila kupaza, na spika zikalipeleka.

*

Nje jua lilikuwa linaelekea milima ya Kongo na hakukuwa na basi. Watu walisimama vikundi vikundi, wengine wakaja kumshika Sijaona mkono, wawili wakamnong'oneza pole. Gari lililokuwa likimpeleka Léoncie hotelini lilisimama kando yao. Kioo kikashuka.

"Njoo, nikufikishe," alisema Léoncie. "Tafadhali."

Shaabani alifungua mdomo, akamtazama mkewe, akaufunga. Sijaona alifikiria kukataa, ingekuwa vizuri sana kukataa. Lakini magoti yalikuwa yanamuuma na mlima wa maneno ulikuwa umemchosha kuliko mlima wa kweli.

"Tuko watatu," alisema.

Njia nzima hawakupatana. Léoncie alieleza mengi, na Sijaona akajibu machache, na mara mbili Léoncie aliomba arudie, na mara zote mbili alirudia. Walipofika Jabe waliagana kwa mikono. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake.

Jumatatu saa tatu asubuhi simu ya Lubna ililia. Msichana wa ofisini kwa Arnaud alitaka Mama. Nakala inafungwa saa sita, alisema. Karatasi ya majina itaongezwa mstari mmoja, kwa hiyo wanaomba jina kamili, limeandikwa sawasawa. Shaabani alinyoosha mkono wake aipokee. Sijaona akamgeuzia mgongo, akaiweka simu sikioni.

"Allo? Mama? Jina lako?"

"Sijaona."

"Hujaona nini, Mama?"

"Ndilo jina. Sijaona."

"Samahani, laini mbaya, sikusikii vizuri. Hakuna mtu mwingine hapo wa kukusemea?"

Sijaona alitazama uani. Shaabani alikuwa amesimama na mikono yake mitupu, amekaza midomo mpaka shingo imemvimba. Lubna alikuwa ameacha kufunga vitambaa vyake.

"Apana," alisema. "Chukua kalamu. Esi."

"Efu?"

"Esi. Kama sabuni."

"Esi. Ndiyo, Mama."

"I," alisema Sijaona, akavuta pumzi ya kutosha herufi zote zilizobaki.